Jaketi Si Takia

Mei 21

Mvua imekatika. Shemeji ameleta majaketi ya kuokolea niyashone, kama kila mwaka msimu wa matembezi unapokaribia. Ameyabwaga kizingitini, akasema, "Shemeji, nitapitia mwisho wa wiki," akaondoka huku akiangalia viatu vyake.

Nimeyasogeza kwenye kona. Nimekula. Nimelala.

Mei 22

Zipu moja. Marinda ya sketi ya mwalimu.

Mei 24

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kwa sababu huku kuna kurasa nyeupe. Afadhali nieleze mara moja tu, nisije nikarudia.

Mume wangu alikuwa nahodha wa boti ya matembezi hapa ziwani. Boti yenyewe ni ya kawaida, ina turubai juu na viti vya chuma, na inapeleka watu hadi kisiwa kidogo kutazama ndege, kisha inawarudisha. Ilikuwa yake na ya mdogo wake, yaani huyu shemeji. Msimu uliopita, zikiwa zimebaki safari chache ufungwe, vijana waliokodi boti ya kasi walipita ndani ya maboya mekundu, mahali ambapo kila chombo kinatakiwa kwenda polepole. Mume wangu alisimama kuwapigia kelele. Wimbi lao likaja, akaanguka majini. Walimtoa kesho yake.

Jaketi lake halikulowa. Lilikuwa kwenye kiti. Alikuwa amelikalia.

Alikuwa na maumivu ya kiuno, na kile kiti cha usukani ni chuma kitupu. Kila safari, kabla ya kuwasha injini, aliwaambia abiria: "Waheshimiwa, jaketi si takia! Nitakayemkuta amelikalia, nitamshusha akaogelee na bata." Watu walicheka, wakavaa. Kisha yeye alikaa juu ya lake, akaondoa boti.

Basi. Nimeandika. Nakwenda kupasha pasi.

Mei 25

Niongeze kitu kimoja. Jaketi lake liko hapa sebuleni, juu ya kiti chake. Katikati limebonyea, mahali alipokuwa akikaa. Sijalitundika. Naogopa likining'inia litanyooka.

Mei 27

Nimeanza na yale ya kwenye kona. Mshono wa kwanza ulikuwa umeachia begani, nikaufumua kwa wembe ili niushone upya, na sponji ya ndani ikajitokeza. Nilitarajia iwe nene kama mkate. Ilikuwa nyembamba kama mkate uliokaliwa. Nikabonyeza ya pili, ya tatu. Zote zilibaki pale kidole changu kilipoziacha.

Nje kuna pipa la maji ya mvua. Nilifunga tofali kwenye jaketi jipya ambalo shemeji alinunua mwaka juzi na ambalo halijawahi kutolewa kwenye mfuko wake. Likaelea na tofali lake, halina habari. Nikafunga tofali lile lile kwenye jaketi la zamani. Lilizama taratibu, bila haraka, kama mtu anayekwenda kulala.

Nilikaa pale kwa muda. Kuku wa jirani alikuja kunywa maji, akaondoka.

Mei 29

Shemeji amepitia.

"Yako tayari?"

"Shemeji, haya yamekufa."

"Jaketi linakufaje? Limeugua nini?"

"Limekaliwa."

Akacheka. Nikampeleka kwenye pipa, nikafunga tofali, nikatia jaketi. Aliliangalia likishuka. Kicheko kilibaki usoni kidogo baada ya yeye mwenyewe kuacha kucheka.

"Misimu yote hii," alisema.

"Misimu yote hii."

"Na yameandikwa kwa herufi kubwa mgongoni kwamba yanaokoa."

Akaangalia viatu vyake. Anakera huyu mtu kwa kuangalia viatu. Tangu siku ya msiba hajanitazama machoni, utadhani mimi ndiye niliyeendesha ile boti ya kasi.

Juni 1

Mkaguzi wa vyombo vya majini amekuja gatini, shemeji akaniita. Ni mwanamke mfupi, ana sauti ya kuamsha watoto. Nikamwambia ninaweza kuyafumua majaketi yote, nikatia sponji mpya na kuyarudishia uzi imara.

"Mama, najua unaweza. Mikono yako naiona," alisema. "Lakini ukishafumua mshono wa jaketi la kuokolea, halibaki jaketi. Linakuwa nguo. Yatupeni, mnunue mengine."

"Yote?" shemeji akauliza.

"Kwani abiria watazama kwa zamu?"

Redio, mkata tiketi, ambaye tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna wa kumzima, alicheka mpaka akashika ukingo wa kibanda. Shemeji hakucheka. Lakini ameyanunua. Hilo nampa.

Juni 3

Msimu umefunguliwa. Sikwenda.

Juni 4

Sare mbili za shule.

Juni 8

Redio kapita na habari zake. Majaketi mapya mazuri, ya rangi ya machungwa, na abiria wameanza kuyakalia.

"Wanavaa wakati wa kuondoka," alisema, "wakifika katikati wanavua, wanaweka chini. Vile viti, dada, vinauma mpaka kwenye mawazo."

Nikasema, "Basi wapewe kitu kingine cha kukalia."

Niliposema hivyo nikageuka kutazama kona. Rundo la yale yaliyokufa lilikuwa bado pale.

Juni 9

Nimeanza kuyageuza matakia. Kazi ni hii: kukata mikanda yote, kung'oa vifungo vya plastiki na filimbi, kufumua mabega, kukunja sponji mara mbili ili iwe nene, kisha kushona mraba. Mikanda ndiyo nakata kwanza. Kisichokuwa na mkanda hakuna atakayejaribu kukivaa.

Mkasi unalia vizuri kwenye mkanda mgumu.

Juni 13

Binti yetu amerudi nyumbani. Ameacha kazi kwenye duka la fotokopi mjini. Ana leseni ya kuendesha boti, alifundishwa na baba yake akiwa bado hafikii usukani bila kupanda ndoo. Shemeji alikuwa ameajiri nahodha wa muda, naye binti amemwambia baba yake mdogo kwamba huyo mtu wa muda muda wake umekwisha.

Nilimpikia. Alikula amesimama, kama baba yake.

Juni 14

Asubuhi alitoka chumbani, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akachukua jaketi.

"Hilo hapana," nilisema.

"Nalipeleka kazini, Mama. Sio kulitupa."

"Limekufa. Sponji yake haina kitu. Kuna majaketi mapya gatini."

"Baba alilivaa hili."

"Hakulivaa. Alilikalia."

Maneno yalinitoka hivyo hivyo, makavu. Aliniangalia. Ana macho yake yale, yanayokaa kimya kabla ya kujaa. Akapitisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akafunga kifungo cha kifuani. Lilikuwa kubwa. Akakaza mikanda mpaka mwisho.

"Haya," alisema. "Sasa limevaliwa."

Nilipaswa kumzuia mlangoni. Sikuwa na nguvu ya neno la pili. Nimebaki na kiti kitupu, na nimeona kitambaa chake kimepauka pande zote ila pale jaketi lilipokuwa.

Juni 15

Matakia matatu.

Juni 19

Upepo. Hakukuwa na safari. Binti kalala hadi mchana, jaketi kalitundika kwenye msumari. Nililishusha nikaliweka kitini. Alipoamka akalitundika tena.

Juni 22

Nimempelekea shemeji ujumbe kupitia Redio: amwamuru binti avae jaketi jipya. Redio karudi na jibu. Shemeji kasema amemwambia, na binti kamjibu, "Baba mdogo, wewe simamia mafuta." Redio aliona raha sana kulisimulia hili. Aliigiza mpaka mikono.

Sikuona raha wala uchungu. Nilitoboa kidole kwa sindano, nikaangalia damu ikijikusanya, nikajiambia, hii ni damu. Kisha nikaendelea.

Juni 30

Nimekumbuka leo kwamba alikuwa akichemsha maji ya chai na kuyasahau, kila siku, halafu anauliza nani kaacha jiko linawaka. Tulikuwa wawili tu nyumbani.

Julai 4

Kola ya shati. Joto.

Julai 11

Matakia yamekwisha, isipokuwa la kiti cha usukani. Rundo halikutosha. Binti anajua ni jaketi gani lingetimiza, nami najua. Amesema, "Mimi kiti cha chuma hakinisumbui."

Kwa hiyo angalau halikalii.

Julai 18

Nimekwenda gatini siku ya safari kwa mara ya kwanza tangu msiba. Niandike yote leo, kesho nitakuwa sitaki.

Ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wengi. Boti ilikuwa imekwenda kisiwani. Nilikuwa na matakia yangu kwenye gunia, nimekaa kwenye benchi la kibanda cha tiketi kumalizia kamba za kuyafungia vitini. Redio alikuwa akigombana na mwanamume mmoja aliyetaka kujua kwa nini ngoja ngoja haipunguzi nauli. Shemeji alikuwa mwisho wa gati, amesimama tu, akitazama maji. Redio aliniambia husimama pale kila safari, tangu boti inapoondoka mpaka irudi, na haketi. Hilo sikulijua.

Boti ikatokea. Ilipoingia ndani ya maboya mekundu nilisikia injini ikipunguzwa sauti, vizuri, kama baba yake alivyokuwa akiipunguza. Nilimwona binti yangu kwenye usukani. Nililiona lile jaketi, limepauka katikati ya mengine ya rangi ya machungwa. Abiria wote walikuwa wamevaa.

Nyuma yao ikaja boti ya kasi ya kukodi, muziki juu, vijana wanne, mmoja amekaa pale mbele miguu ikining'inia nje. Nikajua sauti ile kabla sijaiona. Shemeji akaanza kupunga mikono yote miwili na kupiga filimbi. Wale wakampungia wakidhani anawasalimu.

Binti alifanya inavyotakiwa. Aligeuza boti ikabili wimbi, akapaza sauti, "Kaeni chini, shikeni viti!" Wote wakakaa ila mwanamume mmoja aliyesimama na simu kupiga picha. Binti akaacha usukani, akamvuta kwa jaketi mpaka akakaa kwa kishindo. Wimbi la kwanza likainua boti. La pili likamkuta yeye amesimama, likamtupa majini.

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nakumbuka niliitoa, nikaichomeka kwenye takia, vizuri, isipotee. Kisha nikasimama.

Anajua kuogelea. Lakini alikuwa amejigonga bega kwenye ukingo, na mkono mmoja haukufanya kazi. Jaketi lilipaswa kumshika kichwa nje. Niliona kichwa kikitokea, kikarudi hadi kwenye macho. Kikatokea tena, kikarudi. Lilikuwa likimbeba kama mtu aliyechoka anavyombeba mwenzake. Niliona mdomo wake ukifunguka, maji yakaingia.

Shemeji alirusha boya la duara lenye kamba. Halikufika. Akalivuta, akarusha tena. Yule mwanamume wa simu ndiye aliyelala kifudifudi kwenye boti na kunyoosha kasia, binti akalishika kwa mkono mzima, akavutwa hadi ukingoni, na abiria wakampandisha. Mwanamume yule alikuwa analia, simu yake imeanguka majini na hakuitafuta.

Walipofika gatini binti alikuwa anakohoa maji. Nilimfunika kwa kanga yangu. Jaketi lilikuwa limenywa, zito, likichuruzika. Nilifungua kifungo cha kifuani. Hakukataa.

Wale vijana nao wakaja, sasa polepole. Mmoja akasema, "Samahani mama, tulikuwa tunafurahi tu."

Shemeji aliingia kwenye boti yao bila kusema kitu, akazima injini, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Harufu ya pombe ilitufikia hadi juu gatini.

"Mzee, hiyo boti tumelipia mpaka jioni!"

"Jioni imefika," shemeji alisema.

"Nanyi mtakwenda kwa miguu," Redio akaongeza kutoka kibandani, "na hizo nguo za kuogelea. Mkipita sokoni mnisalimie." Mara akajifunika uso kwa vitabu vya tiketi akaanza kulia. Sikuwahi kumsikia Redio akiwa hana la kusema.

Mkaguzi aliitwa. Aliandika majina yao. Mwaka jana wale wa wakati ule hawakusubiri kuandikwa.

Julai 19

Binti yuko kitandani, bega limefungwa. Nimefua kanga. Jaketi liko nje kwenye kamba. Linachuruzika bado.

Sijalia. Nimejaribu kidogo, jikoni.

Julai 20

Shemeji amekuja kumjulia hali. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake bila kujua, akaruka kusimama kama amekalia moto.

"Kaa tu," nilisema.

Akakaa. Akaangalia viatu. Safari hii nikachoka.

"Shemeji, una nini na hivyo viatu? Kila ukija hapa unavikagua."

Akanyanyua uso.

"Ni vyake," alisema. "Ulivigawa wiki ile ya msiba. Kulikuwa na mfuko mlangoni. Naogopa ukiviona utaumia, ndiyo maana siwezi kuacha kuvitazama."

Nikavitazama. Vya kahawia, kisigino cha kulia kimelika upande. Ni mimi niliyempeleka mume wangu kwa fundi kwa ajili ya kisigino hicho. Miezi yote hii vimekuwa vikipita mlangoni pangu na sikuvitambua.

"Vinakutosha?"

"Vinanibana."

Tukacheka. Ni kicheko kidogo, kama cha watu wasiofahamiana, lakini kilitoka. Binti akaita kutoka chumbani, "Mnacheka nini huko?"

Julai 22

Binti kaamka, kaenda uani, kasimama mbele ya jaketi kwenye kamba. Nikamfuata. Limekauka. Lile bonde la katikati bado lipo. Halikunyooka, hata baada ya ziwa zima kupita ndani yake.

"Nilidhani lingenijua, Mama," alisema. "Ni upuuzi."

"Sio upuuzi."

"Lilikuwa linanivuta. Chini."

"Halikuwa linakuvuta, mwanangu. Lilikuwa halina kitu cha kukupa."

Aligusa lile bonde kwa kidole. Halafu akasema, "Mwenzio alikuwa anawahubiria watu wote kisha anakalia la kwake."

"Kiuno kilikuwa kinamuuma."

"Ningeshona mimi takia, kama angesema."

"Hata mimi. Mimi ndiye mwenye cherehani."

Hakuniangalia na mimi sikumwangalia. Akaingia ndani akarudi na mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia mikanda, akanipa kwa upande wa kushikia, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo.

"Kata wewe," alisema. "Mimi mkono wangu mbovu."

Nikakata wa kifuani. Nikakata wa tumboni. Wa begani alinishikia kwa mkono mzima, nikakata.

Julai 23

Takia la kiti cha usukani. Sikuikunja sponji mara mbili kama za mengine. Nimeongeza sponji mpya chini tu, na juu nimeiacha kama alivyoiacha.

Julai 24

Nimelala mpaka jua limetoka.

Agosti 2

Kaptula ya mtoto. Mwalimu kaja kuchukua sketi yake, marinda hayakumpendeza. Nitarudia.

Agosti 9

Bega limepona kiasi. Kabla hajarudi kazini alileta jaketi lake jipya nyumbani, akalitia mwenyewe kwenye pipa na tofali. Likaelea. Akalisukuma chini kwa kiganja, likapanda. Akalisukuma tena.

"Ni baya kwa rangi," alisema.

"Ni baya sana," nilikubali.

Ameondoka akiwa amelivaa tangu hapa nyumbani. Watu wa barabarani walimtazama.

Agosti 16

Redio anasema hakuna anayekalia majaketi sasa. Anasema pia kuna abiria ameomba kununua takia.

Agosti 30

Upepo wa kufunga msimu umeanza.

Septemba 5

Leo ilikuwa safari ya mwisho. Shemeji alikuwa amesimama mwisho wa gati, viatu vipya miguuni. Aliniona nikija, akanitazama machoni, akaninyooshea jaketi bila kuniuliza nimekuja kufanya nini.

Sikuwa nimepanda boti ile tangu msiba. Nilikaa kiti cha nyuma ya usukani, juu ya takia nililoshona mwenyewe, nikalivaa lile la machungwa. Lilinifika masikioni. Mikono yangu haikupata kifungo. Mama aliyekaa jirani akanisaidia.

Binti alisimama mbele ya abiria.

"Waheshimiwa, jaketi si takia! Takia mnalo, kaeni juu yake mshibe. Nitakayemkuta amevua, nitamshusha akaogelee na bata."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu uso wangu ukawa umelowa, na hatukuwa hata tumeondoka gatini.

Akaketi kwenye usukani, pale pale kwenye bonde la baba yake. Yeye ni mwembamba. Limembakizia nafasi pembeni.

Aligeuka kabla ya kuwasha injini, akanikagua kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kama mteja wa kwanza wa siku.

"Mama, mkanda wa chini haujakaza."

Nikaukaza.